Karoti za Ntheo ya Shantel

Mutheu,

Sitaanza kwa kukuuliza habari yako. Asubuhi tumekula sahani moja, na ukirudi tutakula tena. Umeenda kumuaga Susu, na vile namjua mama yangu, atakukalisha mpaka jua lipoe, akuambie hadithi ya ile ng'ombe iliyoingia kanisani, kisha aanze tena mwanzo. Kwa hivyo nina nafasi. Nimefunga mlango wa kibanda, nimewadanganya wateja ati stima imepotea, nimekaa na kalamu. Unajua mimi na kalamu hatujazoeana. Niliachia darasa la nane, na mwandiko wangu uliachia hapo hapo. Uvumilie.

Mambo ya blanketi na ndoo na kufuli ya sanduku sitaandika. Hayo umejipangia vizuri kuliko mimi. Nataka kuandika juu ya kesho.

Kesho asubuhi hapa steji ya Ikutha kutakuwa na gari za pande mbili. Moja inapanda Kitui, kwa chuo kilichokuita ukasomee upishi, na barua yao imesema wanapokea wanafunzi kesho, na asiyefika nafasi yake itapewa mwingine. Hiyo nyingine inateremka Kibwezi, ishike barabara ya Mombasa mpaka Emali, halafu uunganishe ya Matiliku, kwa Mama Shantel. Na mimi mama yako, wiki mbili nzima, nimekuwa nikikusukuma upande hiyo ya Matiliku. Nilikuambia chuo kitangoja. Nilijua hakingoji. Nilisoma ile barua kabla yako, nikaelewa kila neno, na bado nikakudanganya.

Ukakubali. Hukubishana. Hiyo ndiyo inaniwasha leo, kwamba hukubishana.

Wacha nikuandikie kila kitu vile kilikuwa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na nne tu, uliona nusu. Na hiyo nusu nyingine nimekuwa nikikusimulia mimi, mara kwa mara, kila mara nikiongeza chumvi kidogo upande wangu.

Nilikuwa nimefanya kazi kwa Mama Shantel karibu miaka mitatu. Kazi ya nyumba, unaijua: kufua, kupika, kuosha, kuitwa. Hakuwa mbaya kila siku, lazima niseme hivyo. Lakini kwa hiyo miaka yote hakuwahi kuniita Ndinda. Aliniita "wewe." Akiwa na furaha aliniita "we msichana." Na mimi nilikuwa mama ya mtoto wa miaka kumi na nne.

Wewe ulikuja likizo ya Agosti kwa sababu Susu alikuwa anaumwa na mgongo. Wiki hiyo hiyo ndiyo air fryer ilifika. Mama Shantel aliambiwa hospitali ana pressure, aache mafuta, na dada yake akamwambia kuna mashine inakaanga kwa upepo peke yake. Iliwekwa juu ya meza ya jikoni, nyeusi, imenona kama kuku anayetaga, na tukakatazwa kuigusa mpaka atuonyeshe. Akatuonyesha kwa dakika moja, simu ikiwa sikioni.

"Karoti weka hapa, funga, bonyeza hapa. Dakika kumi na tano. Sawa?"

"Sawa, madam."

Haikuwa sawa. Mimi nimekulia mahali ambapo kupika ni maji. Mahindi ya muthokoi ni maji, mboga ni maji, na sufuria ikikosa maji unaitwa mwizi wa chakula. Nikaangalia zile karoti zikiwa kavu kwa kikapu, nikazionea huruma. Nikaziongezea kikombe kimoja cha maji. Zikatoka zimelegea kama vidole vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Mama Shantel alizionja akacheka, akasema, "Hii si sufuria ya muthokoi, wewe." Siku hiyo hata mimi nilicheka. Hakukuwa na ubaya bado.

Ubaya nilijiletea siku ya pili, na nililetewa na bidii.

Kwetu msichana anajulikana kwa sufuria. Susu alinifundisha nikiwa mdogo sana: watu wakija kukuposa hawaangalii uso wako, wanaangalia matako ya sufuria yako. Weusi ni masizi, na masizi ni uvivu. Basi nilipotoa kile kikapu cha mashine nikakiona ni cheusi ndani na nje, niliona aibu. Nikasema huyu mama amenipa kitu kichafu na hajaniambia, labda ananipima. Nikachukua jivu, mchanga na waya ya sufuria, nikaketi nje kwa bomba, nikasugua. Wewe ulikuwa umekaa karibu yangu na kitabu chako. Ukaniuliza, "Mum, mbona masizi ya huku ni magumu hivi?" Nikakuambia masizi ya matajiri hushika.

Nilisugua mpaka bati likang'aa, nikajiona ndani yake. Hata sikujiuliza masizi yametoka wapi kwa kitu ambacho hakijawahi kuona moto. Nilikirudisha mahali pake nikiwa na furaha kabisa. Nakuapia, mami, nilikuwa nangoja kusifiwa.

Jumamosi wakaja wanawake wa kikundi chake, karibu kumi. Walikuja kuona mashine. Nikawasikia sebuleni.

"Kitu inapika bila mafuta, nyinyi! Mtakonda mpaka waume zenu wawatafute."

"Wangu tayari hanitafuti, nikikonda si atanisahau kabisa?"

Wakacheka, na mimi jikoni nikacheka nao. Nikafungua mashine. Karoti zilikuwa zimeshikana na bati kama zimegundishwa. Nikazikwangua na kijiko. Zikatoka zimeraruka, na ile rangi nyeusi iliyobaki kwa kona, kumbe ya kiwandani ya kuzuia chakula kushika, imezishika vipande vipande. Nilifikiri ni kuungua kidogo tu. Nikapeleka sahani.

"Hii ni nini?"

"Ni karoti, madam."

"Karoti naijua. Hii nyeusi?"

Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na kikapu, akakiinua juu watu wote wakione.

"Nani amefanya hivi?"

"Nilikuwa natoa masizi, madam."

Mama mmoja mnene wa kando ya dirisha akapiga makofi. "Ati masizi! Woi, si umtolee na masizi ya televisheni, hiyo pia ni nyeusi!" Hapo nyumba yote ikaanguka kwa kicheko. Nikafikiri itaishia hapo. Kuchekwa sijaanza leo. Lakini Mama Shantel hakucheka. Akanisimamisha katikati ya zulia.

"Waambie umesugua na nini."

"Na jivu."

"Sauti."

"Na jivu. Na mchanga."

"Nilimtoa Ikutha akiwa hajui hata swichi," akawaambia wenzake, kama mimi siko. Halafu akaangalia ile sahani. "Na chakula hatutupi. Si mtoto wake yuko hapa? Muite ale. Watu wa huko tumbo zao zimezoea mchanga."

Ukaja ukipangusa mikono kwa rinda. Ukaniangalia. Mutheu, uliniangalia mimi, hukumwangalia yeye, na mimi nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Hapana ni neno fupi. Hata mtoto wa mwaka mmoja analisema.

Nikasema, "Kula, mami. Na useme asante."

Ukasema asante. Ukachukua sahani ukaenda nayo nje, nyuma ya tangi.

Mashine hununuliwa, kazi hutafutwa. Lakini hiyo "sema asante" sijawahi kupata mahali pa kuirudisha. Miaka hii minne nimekuwa nikiiweka kwa jina la Mama Shantel, kwa sababu kwa jina langu inaniuma sana. Yeye alikudharau. Aliyepaswa kukuficha ni mimi, na ni mimi niliyekusukuma mbele. Nilikuwa na miaka thelathini, si mtoto, na niliogopa mtu aliyevaa slipa.

Kabla wageni hawajaondoka alikuwa ameshaniambia nifunge vitu vyangu. Sasa kuna kitu hujui. Hata Susu hajui.

Nikiwa jikoni nachukua sanduku langu, niliona mkebe wa sukari. Nikachukua pakiti ya chumvi nikaimwaga yote ndani, nikakoroga, nikafunika vizuri. Nikatoka kwa ile nyumba nikitembea kama jenerali. Wewe ulidhani nalia. Nilikuwa nacheka ndani ya leso, nikiwaza kikombe chake cha asubuhi.

Unamkumbuka Nyanya Kalekye, mama mkwe wake, yule mzee wa chumba cha nyuma? Aliyekuwa akikuwekea kiazi kitamu chini ya kitambaa? Yeye ndiye alikuwa akiamka wa kwanza kwa hiyo nyumba, kujipikia chai yake mwenyewe. Yule dada wa duka la jirani ndiye aliniambia kwa simu baada ya mwezi mmoja. Mzee alikunywa, akatapika, akasema kuna chumvi kwa sukari. Na wao wakasema akili yake imeanza kwenda, kwamba ni yeye aliyechanganya. Wakamkataza kuingia jikoni, asije akachoma nyumba. Mzee aliyejipikia chai maisha yake yote sasa anangoja aletewe.

Mama Shantel mwenyewe hata hakuonja. Alikuwa ameacha sukari, kumbe. Daktari.

Nikasikia hiyo habari nikakaa nayo. Sikupiga simu kusema ni mimi. Siku ya kwanza niliogopa, na siku ya pili ikawa vigumu zaidi, na sasa ni miaka. Ukiniuliza nimejifunza nini maishani, sina kubwa. Nimejifunza hii tu: nilirusha jiwe gizani nikadhani linamjua mtu wangu.

Na bado sikuacha, Mutheu. Usisome hapa ukadhani mama ameokoka ghafla. Namchukia yule mwanamke. Nimemchukia nikiamka, nikisuka nywele, nikiimba kanisani mstari wa pili. Hata hiki kibanda ambacho kila mtu anasifu, ati Ndinda ana bidii, Ndinda ana maono. Maono gani? Ni hasira.

Unakumbuka vile tuliipata mashine yetu? Fundi Kilonzo aliachiwa na msafiri mmoja wa Mombasa air fryer iliyokufa, na mwenyewe hakurudi. Ilikaa kwa rafu yake mwaka mzima, kuku wake akiilalia. Nikamwambia nitampikia chakula cha mchana mpaka aitengeneze. Akasema, "Ndinda, hiyo kitu ukiipata utapika nini, na wewe ni mtu wa maharagwe?" Nikamwambia, "Karoti." Akanitazama kama nimesema nitapika viatu.

Niliharibu karoti nyingi kuliko sungura wa tarafa nzima. Nilizikata nene, zikatoka mbichi katikati. Nilizikata nyembamba zikawa makaa. Kila nikikosea namsikia: "Sauti." Naanza tena. Hakuna mtu alinifundisha, ni yeye alinifundisha bila kujua. Nikajua kuziosha na kuzipangusa kwa kitambaa mpaka ziwe kavu kabisa, kwa sababu maji ndiyo adui, mimi niliyezaliwa nikiambiwa maji ndiyo baraka. Nikajua kuzikata sawa sawa kama kidole cha mtoto. Mafuta kijiko kimoja, chumvi, binzari nyembamba kidogo, uzigeuze na mkono ndiyo mkono ujue kama zimepakwa. Usizirundike, kila moja ionje upepo. Dakika ya nane utoe kikapu utingishe, urudishe. Na zikianza kukunja kona na kuwa na doa la kahawia, hapo utoe, hata kama mashine haijalia.

Wale wanaume wa soko la mbuzi walinicheka sana mwanzo. "Mama Mutheu, umeanza kulisha punda?" Leo ni wao wanaopanga foleni, wale wa sukari na wale wa pressure, wanakula na kidole. Arusi za hapa mpaka Mutomo wananiita. Wewe mwenyewe umesomea kwa hizo karoti, na mkono wako sasa umepita wangu. Hiyo siambiwi na mtu, naiona.

Halafu simu ikalia, wiki mbili zilizopita.

"Halo, naongea na wale watu wa Ikutha wanaopika na air fryer? Mimi ni Mama Shantel wa Matiliku."

Nilikuwa nimeshika kisu. Nikakiweka chini polepole. Sauti yake haijabadilika hata kidogo. Yangu hakuijua. Angeijua vipi, na alinizoesha kusema "sawa, madam" peke yake? Akasema Shantel anaolewa, wakwe wanaleta mbuzi za ntheo Jumamosi, na kati ya wazee watakaoleta hizo mbuzi wengi hawali mafuta. Anataka wale wakasifu. Amesikia kuna msichana Ikutha ana mkono wa ajabu. Aje mapema, akae siku chache, wajaribu pamoja.

Nikasema, "Yuko. Atakuja." Wala sikusema ni nani.

Unajua ntheo ni nini kwetu. Bila hizo mbuzi msichana wetu hajaolewa, hata akizaa kumi. Siku hiyo nyumba ya msichana inaangaliwa kama matako ya sufuria. Na mimi nikapewa jiko la siku hiyo kwa mkono wangu! Niliona ni Mungu. Haki niliona ni Mungu mwenyewe amenipigia.

Nikakupangia. Hatakujua, alikuona likizo moja tu na sasa umekua. Ufike, uwe mpole, umshinde kwa adabu. Jumamosi wazee wakishakaa, uweke karoti zikiwa na maji, uzijaze mpaka juu, uzime katikati. Uache waya ya sufuria juu ya meza ili ajue ni sisi. Utoke na mlango wa nyuma, uzime simu. Wakwe wameketi, sahani tupu, na yeye anatafuta mpishi nyumba nzima. Hiyo picha niliilalia kama mto. Nilimwona akisimama katikati ya zulia lake mwenyewe. Nilimwona mzee mmoja akimuuliza, "Mama, chakula?" na yeye hana sauti. Sauti, Mama Shantel. Sauti.

Na leo asubuhi, ulipomaliza kufunga sanduku, nikakuita ufanye mazoezi ya mwisho.

Nilikuwa nimesimama juu yako. Nakufundisha kuharibu. Mimi niliyelia juu ya hii mashine nikijifunza kutengeneza, nimesimama nakuambia, "Zaidi, ongeza, zirundike, usipanguse." Ukafanya. Ukafunga, ukabonyeza, tukangoja. Na ilipofika dakika ya nane mkono wako ukaenda wenyewe, ukatoa kikapu ukakitingisha.

Nikakufokea. "Wacha! Nimesema usitingishe!"

Ukarudisha. Ukaniambia bila kugeuka, "Mum, na Shantel alikukosea nini?"

"Ni mtoto wake."

"Hata mimi ni mtoto wa mtu."

Halafu ukaniambia kile ambacho miaka minne hukuniambia. Kwamba ile siku, ulipoenda nyuma ya tangi na sahani, Shantel alikufuata. Kwamba alikaa chini kwa mchanga na nguo yake ya wageni, akasema, "Leta nusu." Mkala pamoja zile karoti nyeusi mpaka zikaisha, na yeye ndiye alitapika usiku, wewe hukutapika. Kwamba alikuomba msamaha, ukamwambia sawa.

"Mbona hukuniambia?" nikakuuliza.

"Ungekuwa umeniachia nafasi kwa ile hadithi, ningekuambia."

Nikashikwa na hasira, mami. Si ya Mama Shantel, ya kwako. Nikakuuliza neno baya ambalo mama hapaswi kuuliza: "Wewe ni wa nani? Wangu ama wao?"

Ukafunga sanduku lako lile ulilokuwa umeshafunga. Ukasema, "Mimi ni wako. Ndiyo maana nilikubali kwenda." Ukavaa viatu ukaenda kwa Susu.

Nimekaa hapa tangu uende. Zile karoti za maji ziko mbele yangu, nimezila moja moja, kama adhabu. Ni mbaya sana. Unaharibu vizuri, nikikuamuru.

Nimejiuliza ni mara ngapi nimekusimamisha mbele ya yule mwanamke. Mara ya kwanza nilikuambia kula. Sasa nakuambia nenda. Ni mimi tu nimebadilisha neno, na mtoto ni yule yule, anaangalia uso wa mama yake halafu anatii. Nilidhani nimekuwa mtu mwingine kwa sababu nina kibanda na wateja. Kumbe bado nakutumia kujifunika.

Kwa hivyo sikiza. Gari ya Kitui ni yako. Usiulize chuo kama kitangoja, fika kabla hawajafungua lango. Ukae mbele darasani. Wakikuuliza nani alikufundisha mkono huo, sema mama yangu, na usieleze zaidi. Na siku mtu akikudharau, kwa sababu atakuja, huwa hakosi, sikuambii umsamehe. Mimi mwenyewe sijui kusamehe, nitakufundishaje? Nakuambia tu usimtumie mtu mwingine. Wala usimvizie. Nenda wewe, mchana, na uso wako.

Ya Matiliku nitapanda mimi.

Usishtuke. Sitaharibu ntheo ya Shantel. Yule msichana alikula na wewe nilipokuacha, na hilo kwangu ni deni la damu, nitalipika Jumamosi kwa mikono yote miwili. Nitapika karoti ambazo wazee wa watu watazisimulia wakifika kwao. Na nikifika, kabla sijashika kisu, nitaenda kwa chumba cha nyuma nimwambie Nyanya Kalekye kwamba chumvi ilikuwa yangu, na nitamwambia mbele ya wote, ili wamrudishie jiko lake. Akinitukana, atakuwa na haki. Mama Shantel akitaka kunifukuza hapo, anifukuze, halafu apike mwenyewe.

Lakini hatafukuza. Namjua. Wakwe watakuwa njiani. Atameza, atanipisha jikoni, na siku hizo zote atakula kutoka mkono wa yule aliyemsimamisha kwa zulia. Jumamosi wazee wakiuliza nani amepika, nitatoka na leso yangu kiunoni nisimame mahali pale pale, na nitangoja. Sitasema kitu. Nitamwacha yeye anitambulishe kwa watu, kwa jina. Kama halijui, atanihitaji nimwambie, na nitataka aniulize kwa heshima, na kwa sauti.

Ndiyo, bado ni kisasi. Sijakuficha. Kinanipa nguvu na sijapata kitu kingine cha kukiweka mahali pake, labda nyinyi mliosoma mtagundua. Lakini ni changu, na nitakibeba kwa mgongo wangu, si wako.

Kwa ufa wa mlango nakuona unakuja pale kwa Mutua wa maduka, umebeba kitu, bila shaka Susu amekupa kuku. Wacha nimalize.

Nimeshampigia Mama Shantel simu, saa hii tu, kabla sijaandika ukurasa huu wa mwisho.

"Yule msichana hataweza kuja," nikamwambia. "Anaenda chuo."

"Unaniambia leo? Ntheo ni Jumamosi!"

"Anakuja mama yake."

"Mama yake? Ni hawa wamama wa kijijini? Asije akaniharibia mashine, nilishawahi kuharibiwa moja. Anaijua kweli?"

"Anaijua."

"Alijifunzia wapi?"

"Hapo Matiliku."

"Matiliku hii yetu? Kwa nani?"

"Atakuambia mwenyewe akifika, madam."

Mama yako,
Ndinda